Escomb, Kilpeck au Greensted: Kanisa Lipi la Kijiji la Zama za Kati Ulitembelee Kwanza?

Waswahili wanaoishi Uingereza, pamoja na wale wanaofika huko kwa masomo au kuwatembelea jamaa, wakitaka kuona kanisa la kale hupelekwa Westminster au Canterbury. Makanisa hayo yanastahili kuonwa, lakini yalijengwa kwa fedha za wafalme na maaskofu wakuu, na hayasemi mengi kuhusu mkulima wa karne ya 12: alibatizwa wapi, alisimama wapi siku ya Jumapili, na alizikwa wapi. Anayetaka kuyajua hayo hana budi kwenda kijijini.

Tatizo ni kwamba vijiji vya Uingereza vyenye makanisa ya Zama za Kati ni maelfu, na mengi kati ya makanisa hayo yamebomolewa na kujengwa upya kipande kwa kipande, hata mgeni hawezi kutambua kipi ni cha kale na kipi ni cha juzi. Kwa hiyo nimechagua matatu tu: Escomb katika kaunti ya Durham, kaskazini, Kilpeck katika kaunti ya Hereford, karibu na mpaka wa Wales, na Greensted katika kaunti ya Essex, si mbali na London. Yako mbalimbali kiasi kwamba mwenye siku moja hawezi kuona zaidi ya moja, na ndiyo sababu inafaa kuyalinganisha kabla ya kununua tiketi ya treni. Kipimo changu kikubwa ni kimoja: ukisimama hapo, ni kiasi gani cha unachokiona kilionwa pia na watu waliolijenga? Nitazingatia pia uzuri na urahisi wa safari, ingawa kwangu mambo hayo yanakuja baadaye.

Mambo machache ya kujua kabla ya kufika

Kanisa la kijiji la Zama za Kati lina sehemu kuu mbili. Upande wa magharibi kuna ukumbi wa waumini, na upande wa mashariki, nyuma ya tao, kuna patakatifu penye altare, mahali pa padre. Waumini walisimama au kupiga magoti, kwa kuwa mabenchi hayakuenea makanisani hadi kuelekea mwisho wa zama hizo. Gharama nazo ziligawanywa: matengenezo ya patakatifu yalikuwa wajibu wa paroko aliyepokea zaka, ilhali ukumbi ulikuwa mzigo wa wanakijiji wenyewe. Ndiyo maana mara nyingi sehemu hizi mbili hupishana umri ndani ya jengo lilelile, na atakayelikumbuka jambo hili atalielewa kanisa la Greensted mara tu atakapoliona.

Jambo jingine linahusu fedha. Kijiji kilichotajirika hakikuliacha kanisa lake dogo likae hivyo hivyo. Katika karne ya 15 wafanyabiashara wa sufu na nguo wa Suffolk walijenga makanisa makubwa yenye madirisha mapana, kama yale ya Lavenham na Long Melford, na yaliyokuwapo kabla yake yakatoweka. Makanisa yaliyobaki na sura yake ya kwanza kwa kawaida ni yale ya vijiji vilivyobaki vidogo, au vilivyopungua watu. Escomb na Kilpeck zote mbili zimehifadhiwa kwa namna hiyo, yaani kwa kukosa fedha za kuzibadilisha.

Escomb: mawe ya Warumi mikononi mwa Waanglo-Saksoni

Kanisa la Escomb lilijengwa na Waanglo-Saksoni, watu waliohamia Uingereza kutoka bara la Ulaya baada ya Warumi kuondoka, katika karne ya 7, kati ya mwaka 670 na 690 hivi, vizazi viwili tu baada ya wafalme wa Northumbria, ufalme wao wa kaskazini, kuanza kubatizwa. Ni miaka ileile ambayo monasteri za Monkwearmouth na Jarrow zilianzishwa, mwaka 674 na mwanzoni mwa miaka ya 680, na mwanzilishi wake, Benedict Biscop, alilazimika kuleta waashi na mafundi wa vioo kutoka Gaul, nchi ambayo leo ni Ufaransa, kwa sababu ufundi wa kujenga kwa mawe ulikuwa umepotea kwa wenyeji. Bede, mtawa wa Jarrow aliyeandika habari za Kanisa la Waingereza na kumaliza kazi hiyo mwaka 731, hakulitaja Escomb hata mara moja. Ushahidi wa mwanzo wake ni kuta zenyewe.

Na kuta hizo zinasema mengi. Maili chache kutoka hapo, huko Binchester, palikuwa na ngome ya Kirumi iliyoachwa zaidi ya miaka 250 kabla ya kanisa kujengwa, nayo ikawa kama ghala la mawe yaliyokwisha kuchongwa. Mafundi wa Escomb waliyabeba na kuyapanga, makubwa chini na madogo juu, na kwenye baadhi ya mawe bado zinaonekana alama za patasi ya Kirumi zilizokatizana mithili ya mkeka. Katika ukuta wa kaskazini, kwa nje, kuna jiwe lenye herufi LEG VI, yaani Legioni ya Sita, jeshi lililokuwa na makao yake York. Limewekwa juu chini. Huenda aliyeliweka hakujua kusoma, au alijua na hakujali. Kwa vyovyote vile, maandishi ya dola iliyotawala kuanzia Syria hadi Scotland yalikuwa yamegeuka kuwa jiwe la kujengea tu, na mimi sijaona popote pengine ambapo mwisho wa dola unaonyeshwa waziwazi namna hiyo.

Ndani, ukumbi una urefu wa mita 13.3 na upana wa mita 4.4, yaani urefu ni mara tatu ya upana, na kuta zake zinapanda hadi mita 7 hivi. Maumbo haya ni mageni kwa mtu aliyezoea makanisa mapana ya leo. Chumba ni chembamba na kirefu kwenda juu, na macho yanavutwa moja kwa moja hadi kwenye tao la patakatifu, ambalo nalo ni refu na jembamba. Wataalamu wengi wanaamini kwamba tao hilo lilitolewa zima huko Binchester, likabomolewa jiwe kwa jiwe na kusimamishwa upya. Miimo yake imejengwa kwa kupishanisha mawe marefu yaliyosimama na mapana yaliyolazwa, mtindo uliojulikana sana kwa sababu ya kanisa hili hata wanahistoria wa ujenzi wakaupa jina la Escomb. Madirisha ya kwanza ni madogo mno, ya kusini yakiwa na vichwa vya mviringo na ya kaskazini yakiwa na linta bapa, na kwa ndani yametanuliwa ili mwanga kidogo unaoingia usambae ukutani. Madirisha makubwa zaidi unayoyaona yaliongezwa baadaye, na yanajitenga kwa sura yake bila kuhitaji maelezo.

Nje, kwenye ukuta wa kusini, kuna saa ya jua ya karne ya 7 au mwanzo wa karne ya 8, ambayo ni miongoni mwa saa za jua za kale zaidi nchini humo zilizobaki mahali pake pa kwanza. Ina mistari mitatu ya kugawa saa za sala, na nyoka amechongwa akiizunguka. Uwanja wa makaburi umezunguka kanisa kwa umbo la duara, jambo ambalo wengi hulihusisha na uzee wa mahali penyewe.

Kanisa hili lilikaribia kupotea. Mwaka 1863 wanakijiji walijengewa kanisa jipya mlimani, na lile la kale likaachwa hadi paa lake likaharibika. Watu walioitambua thamani yake walilitengeneza kati ya mwaka 1875 na 1880. Lile jipya ndilo lililobomolewa, mwaka 1971, na la karne ya 7 likarudia kazi yake. Hadi leo ibada inafanyika humo.

Kilpeck: jiwe jekundu lililojaa viumbe

Kutoka Escomb hadi Kilpeck tunaruka zaidi ya miaka 450. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, wamekwisha kuiteka nchi mwaka 1066, na mpakani mwa Wales mabwana wao wamejenga ngome kila penye kilima. Kilpeck ilipewa William fitz Norman, na mwanawe Hugh alilikabidhi kanisa la hapo kwa abasia ya Gloucester mwaka 1134. Jengo tunaloliona lilijengwa takriban mwaka 1140, ingawa kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya ukumbi kuna kipande cha ukuta kinachodhaniwa kuwa cha kanisa lililotangulia. Msomaji aliyeuzuru msikiti wa Kizimkazi, Unguja, atapata kipimo cha wakati huo kwa urahisi: maandishi ya Kikufi yaliyo kwenye kibla chake ni ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, kwa hiyo yanalitangulia kanisa la Kilpeck kwa takriban miaka 30 tu.

Mpango wa jengo ni rahisi: ukumbi, patakatifu, kisha chumba cha nusu duara upande wa mashariki kilichofunikwa kwa kuba ya mawe. Kinacholifanya kuwa la pekee ni nakshi. Mlango wa kusini peke yake unahitaji nusu saa ya kuutazama. Juu yake kuna jiwe la nusu duara lenye mti, ambao wengi huufasiri kuwa Mti wa Uzima, na umechongwa kama mzabibu wenye vishada. Kwenye nguzo za upande wa kushoto wamesimama mashujaa wawili wembamba waliovaa kofia na suruali, wakiwa wamezongwa na matawi. Upande wa kulia, kwenye kichwa cha nguzo, kuna uso wa mtu ambaye majani yanamtoka kinywani. Na kwenye matao kuna ndege, majoka na vichwa vyenye midomo mirefu, kila kimoja tofauti na mwenzake. Nakshi hizi zina asili zaidi ya moja. Majoka yanayojimeza na mizunguko isiyoisha ni urithi wa Waskandinavia na Waanglo-Saksoni, ilhali mpangilio wa sanamu za watu juu ya nguzo unafanana na makanisa ya magharibi mwa Ufaransa na njia ya mahujaji kwenda Santiago de Compostela. Inajulikana kwamba Oliver de Merlimond, aliyejenga kanisa la Shobdon katika kaunti hiyohiyo, alifika Santiago kama hujaji, na waliochonga Shobdon ni wa karakana ileile iliyochonga Kilpeck.

Ulinganisho wa Shobdon na Kilpeck unauma. Kanisa la Shobdon lilivunjwa katikati ya karne ya 18, na matao yake yakasimamishwa juu ya kilima yawe pambo la bustani ya tajiri. Mvua na baridi vimeyala hata leo huwezi kutambua sura za waliochongwa. Ya Kilpeck bado makali, kana kwamba patasi imeondolewa mwaka jana, kwa sababu jiwe lake la mchanga jekundu ni gumu, na pia kwa sababu hakuna aliyeyang'oa mahali pake.

Ukizunguka nje utaona, chini ya ukingo wa paa, vichwa vya mawe vilivyopangwa pande zote. 85 bado vipo. Kuna mbwa na sungura waliokaa bega kwa bega, kondoo mwenye msalaba, nguruwe, ndege, wapiga muziki, na pia mwanamke aliyeushika na kuupanua uchi wake kwa mikono miwili. Mchongo huyo wa mwisho huwashangaza wageni, na ni vizuri wazazi walijue hilo mapema. Wasomi wamegawanyika: wapo wanaomwona kuwa onyo dhidi ya zinaa, wapo wanaomwona kuwa kinga dhidi ya shari, na wapo wanaomhusisha na uzazi. Binafsi naona maelezo ya kinga yana nguvu zaidi, kwa kuwa katika ukuta wa magharibi pia vimechomoza vichwa vya majoka vyenye vinywa wazi, na vinafanana sana na vitu vya kufukuzia ubaya.

Ndani pana utulivu zaidi. Kila upande wa tao la patakatifu wamesimama watu watatu, mmoja juu ya kichwa cha mwenzake, na mmoja wao ana ufunguo wa kumtambulisha Petro. Ukarabati wa miaka ya 1840, uliosimamiwa na Lewis Nockalls Cottingham, haukuharibu mengi. Bahati nyingine ni kwamba msanii George Robert Lewis alikuwa ameuchora uchongaji huu na kutoa michoro yake mwaka 1842, kwa hiyo kuna kumbukumbu ya hali ya jengo kabla ya mafundi kuligusa. Magharibi mwa kanisa kuna kilima cha ngome na mabaki ya ukuta wake, na upande mwingine, ardhini, kuna matuta yanayoonyesha mahali kijiji cha Zama za Kati kilipokuwa kabla ya watu kupungua. Usiondoke bila kupanda kilima hicho, kwani kutoka juu yake utaona bwana, kanisa na kijiji walivyopangwa kwa ukaribu wa makusudi.

Greensted: mialoni iliyosimama

Kanisa la Mtakatifu Andrea la Greensted linatajwa mara nyingi kuwa kanisa la mbao la kale zaidi duniani ambalo bado limesimama. Kuta za ukumbi wake ni magogo ya mwaloni yaliyopasuliwa katikati na kusimamishwa wima, upande bapa ukielekea ndani na upande wa mviringo nje. Kwenye kingo za kila gogo umechimbwa mfereji, na ukanda mwembamba wa mwaloni umepitishwa kati ya gogo na jirani yake ili upepo na mvua visipenye. Wajenzi wetu wa nyumba za mbao wataufahamu ufundi huo bila mkalimani.

Umri wake ni kisa kinachofaa kusimuliwa. Mwaka 1960 mbao zilipimwa kwa kuhesabu pete za mti, na ikatangazwa kwamba ni za mwaka 845 hivi. Mwaka 1995 kipimo kilirudiwa kwa njia bora zaidi, na jibu likawa kwamba miti ilikatwa kati ya mwaka 1063 na mwanzo wa miaka ya 1100. Mapokeo yanasema kwamba maiti ya Mfalme Edmund, mtakatifu, ililala Greensted mwaka 1013 ikirudishwa Bury St Edmunds. Ikiwa ni kweli, basi ililala katika jengo lililotangulia hili. Uchimbaji wa mwaka 1960 ulikuta chini ya patakatifu alama za majengo mawili ya mbao ya zamani zaidi, kwa hiyo mapokeo hayo hayapingani na mbao.

Hata hivyo, mgeni ajue anachokiona. Patakatifu ni la matofali ya mwaka 1500 hivi. Paa la vigae na madirisha yaliyochomoza paani si ya wajenzi wa kwanza. Katika ukarabati wa karibu na mwaka 1848, ncha za chini za magogo zilizooza zilikatwa na kuwekewa msingi wa matofali, kwa hiyo kuta si ndefu kama zilivyokuwa. Mnara ulioezekwa kwa mbao nyeupe unapendeza sana, na una kengele yenye mwaka 1618, lakini haumrudishi mtu karne ya 11. Kilichobaki cha kale ni magogo, nayo yanastahili kuguswa kwa heshima. Mengine yanahitaji kuelezwa.

Greensted ina habari moja ambayo yale mengine hayana. Mwaka 1834 vibarua sita wa mashamba kutoka Tolpuddle, kaunti ya Dorset, walihukumiwa kupelekwa Australia kwa kosa la kula kiapo katika chama chao cha wafanyakazi. Baada ya kusamehewa na kurejea, baadhi yao walipewa mashamba huku Essex, na mmoja, James Brine, alifunga ndoa katika kanisa hili mwaka 1839. Anayejali historia ya haki za wafanyakazi ana sababu yake mwenyewe ya kufika.

Uchaguzi

Kwa urahisi wa safari, mkazi wa London hana haja ya kufikiri sana: atapanda treni ya chini ya ardhi hadi Epping, atachukua basi au teksi hadi Ongar, kisha atatembea kwa miguu kama kilomita moja na nusu. Kilpeck inafaa zaidi kwa mkazi wa Birmingham, kwa sababu treni ya moja kwa moja hufika Hereford kwa saa moja na nusu hivi, ingawa kilomita 14 zilizobaki zinahitaji gari. Escomb iko mbali na wengi wetu. Njia ni Darlington, halafu Bishop Auckland, kisha kilomita 3 hivi.

Mwenye watoto, au mwenye rafiki asiyependa habari za kale, asisite kuchagua Kilpeck. Hakuna mtu anayechoka kutafuta mbwa na sungura chini ya paa, na jengo lake limekamilika kiasi kwamba linajieleza. Abebe darubini ndogo, na afike siku ya jua, saa za asubuhi au alasiri, mwanga unapopita kwa upande na kuvipa vichwa vivuli vyake. Siku ya mawingu nusu ya nakshi hupotea machoni. Fundi wa mbao, au mwenye saa chache tu kabla ya kurudi uwanja wa ndege, Greensted itamtosheleza.

Lakini kwa kipimo nilichokiweka mwanzoni, mimi nachagua Escomb, licha ya umbali wake. Greensted imehifadhi kuta, Kilpeck imehifadhi jengo na mapambo yake, na Escomb imehifadhi jengo la miaka zaidi ya 1,300 ambalo bado lina upana uleule, tao lilelile na giza linalokaribia lilelile. Mgeni asijaribu kulimaliza kwa dakika kumi. Kwa kawaida ufunguo huchukuliwa kwenye nyumba ya jirani, kwa hiyo ni vizuri kuulizia mapema. Kabla ya kuingia, azunguke kwanza upande wa kaskazini alitafute jiwe la Legioni ya Sita. Ili asome herufi zake, itambidi ainamishe kichwa pembeni hadi karibu na bega.